Mtambo wa Alizeti na Rehani ya Benki

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Nzega, akiisha kuupita mji wa Manyoni na kuikaribia Singida, huona kando ya barabara madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa juani, yakimeta kama asali, naye aghalabu hapati kujiuliza fedha ya mtambo ulioyakamua ilitoka wapi.

Mtambo wenyewe ni mdogo. Mbegu humiminwa juu, parafujo nene ya chuma ikazisaga na kuzibana, mafuta yakachuruzika upande mmoja, na upande wa pili yakatoka mashudu, vipande vyembamba ambavyo bado vina moto. Hapo ndipo ubunifu huanza: huyu huongeza chujio ili mafuta yasiwe na tope, yule hufungasha chupa ndogo zenye lebo, na mwingine huyachanganya mashudu yawe chakula cha kuku wa kienyeji, ambao Singida ina sifa nao tangu zamani. Lakini mwenye wazo, akifika benki, huulizwa rehani, ilhali mali yake ni shamba lisilo hati na nyumba ya tembe.

Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilipata hila njema: kukopesha mashine badala ya fedha, mashine yenyewe ikawa ndiyo rehani hadi deni liishe. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, iliyoanza kazi mwaka 2015, huzidhamini benki nyingine, hata mkopaji akishindwa, hasara isiiangukie benki moja peke yake. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Waama, kwa maoni yangu, kinachomkwamisha mkamuaji mdogo si mtambo, bali fedha ya kununulia mbegu. Alizeti huvunwa katikati ya mwaka, na wachuuzi wenye malori hufika na fedha taslimu. Mkopo ukiidhinishwa Oktoba, mbegu zimekwisha kuondoka. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ilikusudia dawa ya jambo hili, mbegu zilizowekwa ghalani ziwe rehani ya mkopo. Lakini ghala lililo mbali na kijiji halimfai mwenye magunia matano. Basi Desemba, watu wakipanda upya, mtambo umefunikwa turubai, na kuku wanadonoa mashudu ya mwisho chini yake.