Mikono Yenye Baridi Hukawia Kufunga Breki

Ndugu mtumikaji, wewe mwenyewe unajua namna Mokambo inavyokuwa mwezi wa sita na wa saba, kabla jua halijatoka. Majani ya bondeni yamelala kwa umande, moshi wa mbabula unatambaa chini, na ukungu umefunika njia. Umeamka mapema, umekunywa chai, umewasha pikipiki ili uwahi kuwapokea wenzako wa zamu ya usiku. Kilomita tano za kwanza vidole vinauma. Kilomita kumi, haviumi tena. Wengi hufurahi hapo na kusema: "Sasa nimezoea." Hapana, ndugu. Kidole kisichouma tena hakikuzoea baridi, kimekufa ganzi. Na kidole chenye ganzi ndicho unachokitegemea kufunga breki.

Tupige hesabu. Nchi yetu hii ya mpakani iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa wakati wa baridi hewa hushuka chini ya nyuzi 10, mara nyingine hukaribia 5. Juu ya pikipiki unajitengenezea upepo wako mwenyewe. Hewa ikiwa nyuzi 5 nawe unakwenda kilomita 50 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama mtu aliyesimama mahali penye nyuzi 1 chini ya sufuri. Damu inakimbia vidole ili kulinda moyo na tumbo, na mishipa ya mkono inakuwa mizito.

Kwa mwendo huo pikipiki hula mita 14 kila sekunde. Mkono ukikawia nusu sekunde tu kukaza breki, umekwenda mita 7 zaidi. Mita 7 zinatosha kutenganisha mtu anayesimama nyuma ya lori linalongoja kuvuka mpaka, na mtu anayeingia chini yake.

KWA WALE WANAOTOBOA MWAMBA

Kuna wenzetu ambao jambo hili linawahusu mara mbili: wale wanaoshika mashini ya kutoboa mwamba. Mtikisiko wa mashini, mwaka baada ya mwaka, huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu katika vidole. Mwaka 1862 munganga Mfaransa Maurice Raynaud alieleza namna vidole vya watu wengine vinavyogeuka vyeupe kwa baridi. Mwaka 1918 munganga wa Marekani, bibi Alice Hamilton, aliwachunguza wakata mawe wa Indiana waliotumia mashini za hewa, akaona vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi.

Basi mtoboaji akipanda pikipiki alfajiri bila kujikinga, anauita ugonjwa huo kabla hata hajagusa mashini. Ukiona ncha za vidole zinageuka nyeupe kama chokaa, kisha zinarudi nyekundu kwa maumivu, usifiche. Mwambie munganga wa kampuni. Na ujue ya kuwa sigara inaongeza shida, kwa sababu inakaza mishipa ya damu.

KWANZA ZUIA UPEPO

Siku hizi kuna mishikio ya pikipiki yenye moto: ndani yake mna nyaya nyembamba zinazopata joto kwa umeme wa batri. Ni kitu kizuri. Lakini mshikio hupasha kiganja tu. Mgongo wa mkono bado unapigwa na upepo. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, fanya haya:

Vaa glavu za ngozi zisizobana. Glavu inayobana inazuia damu, na baridi inaingia upesi.

Weka kinga za mikono mbele ya usukani. Hata kipande kigumu cha plastiki kilichofungwa imara kinasaidia, mradi kisiguse mkono wa breki wala wa klachi unapoukaza hadi mwisho.

Funika kifua. Koti lisilopitisha upepo, au karatasi za gazeti chini ya koti, zinalinda kifua, na kifua chenye joto ndicho kinachopeleka damu kwenye vidole.

KUCHAGUA MISHIKIO

Kuna namna tatu. Ya kwanza ni mishikio kamili inayochukua nafasi ya ile ya zamani. Hii ndiyo bora. Ya pili ni vipande vyembamba vinavyobandikwa chini ya mshikio ulio nao. Ya tatu ni vifuniko vinavyofungwa juu ya mshikio kwa kamba. Hivi vya tatu ni rahisi kuweka, lakini vinanenepesha mshikio na vinaweza kuzunguka mkononi. Upande wa mafuta, jambo hilo ni hatari.

Pima unene wa usukani. Pikipiki nyingi zina usukani wa milimita 22. Mshikio wa kuume una tundu pana zaidi, kwa sababu unavaliwa juu ya bomba la plastiki linalozungusha mafuta. Usilazimishe wa kushoto kuingia kuume.

Halafu uliza umeme. Mishikio miwili inayokula wati 36 kwenye batri ya volti 12 inavuta ampea 3. Pikipiki kubwa haisikii mzigo huo. Lakini hizi ndogo tunazopanda sisi na ndugu zetu manseba zina batri ndogo. Batri ya ampea-saa 5, ikitoa tu bila kuchajiwa, haifiki saa mbili. Tena katika pikipiki nyingine ndogo sehemu ya umeme wa injini inakwenda moja kwa moja kwenye taa, haipiti kwenye batri. Chagua mishikio inayokula kidogo na yenye ngazi za joto, siyo ile ya kuwaka na kuzima tu.

KUIWEKA

Kazi hii unaweza kuifanya na fundi wako siku ya mapumziko. Usiifanye usiku ukiwa unangojewa kazini.

1. Fungua waya wa hasi wa batri kwanza. Utaurudisha mwisho.

2. Toa mishikio ya zamani kwa maji ya sabuni. Safisha chuma na bomba kwa spiriti mpaka pasibaki mafuta. Usitumie mafuta wala grisi kuingiza mipya. Itazunguka siku utakapohitaji kuishika.

3. Bandika kwa gundi yake. Elekeza waya wa upande wa kuume mahali ambapo hautagusa mkono wa breki. Acha gundi ikauke usiku mzima.

4. Waya wa kuume uachiwe nafasi ya kulegea, maana mshikio huo unazunguka. Zungusha mafuta mpaka mwisho, kisha achia: lazima urudi wenyewe, haraka. Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, umepindwa kushoto kabisa na kuume kabisa. Ukikwama hata mara moja, usipande pikipiki hiyo.

5. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya ya batri. Waya ukichubuka, fyuzi ikatike, siyo pikipiki iungue. Usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi.

6. Tumia rilei, swichi ndogo inayoamshwa na umeme wa ufunguo. Ukitoa ufunguo mishikio inazima yenyewe, na jioni hutakuta batri imekufa.

7. Funga nyaya mbali na ekzosi, na mbali na mahali usukani unapobana.

KUJARIBU

Azima kipimo cha volti. Batri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12.6. Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, kipimo kionyeshe kati ya 13.5 na 14.5. Sasa washa taa, weka mishikio kwenye joto la juu. Ikibaki juu ya 13, furahi. Ikishuka chini ya 12.6, mishikio inaila batri: tumia ngazi ya chini, au iache kabisa na urudi kwenye glavu na kinga za upepo. Taa ya mbele ina thamani kuliko vidole vya moto.

Usishangae mkono wa kushoto ukipata joto kwa kukawia. Kushoto chuma cha usukani kinanyonya joto. Kuume bomba la plastiki linalizuia.

KUITUMIA NYUMBANI NA NJIANI

Washa baada ya injini kuwaka, siyo kabla. Anza ngazi ya juu dakika chache, kisha shusha. Mwenzetu mwenye vidole vyeupe, au mwenye ugonjwa wa sukari, aanze chini na kubaki chini, kwa sababu kidole kisichosikia baridi hakisikii hata moto, na kinaweza kuungua polepole bila mwenyewe kujua.

Nawe mama wa nyumba, una kazi hapa. Bwana akirudi na vidole vimekufa ganzi, usimwache aviweke juu ya mbabula. Mpe maji ya uvuguvugu, ambayo wewe mwenyewe umeyapima kwa kiwiko. Na mbabula ya makala isiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kumpasha joto: hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua watu wakiwa usingizini.

Mwisho, ndugu, hata mishikio iliyo bora haikupi ruhusa ya kukimbia. Ukisikia vidole vinaanza kufa ganzi, simama pembeni, weka mikono kwapani dakika tano, pigapiga viganja, ndipo uendelee. Msimamizi atakuuliza kwa nini umechelewa. Mwambie ukweli. Dakika tano utazilipa kazini. Mkono hauna duka linalouza mwingine.