Majani Yanayolala Usiku

Ninyi wakulima wa Yahuma, na ninyi mnaokwenda kazi ya machimbo alfajiri na kurudi jioni, sikieni habari hii.

Mtu arudipo jua likitua, hupita shambani akaona majani ya karanga yamefungwa. Jani la karanga lina vijani vinne, viwili viwili; usiku huinuka na kushikamana kama viganja vya mikono. Mtu huyo hushtuka: «Shamba langu limekufa! Nani ameliroga?» Pengine huanza kung'oa. Asifanye hivyo. Karanga zake zimelala tu.

Sababu ni hii. Tazameni mahali kijani kinaposhikamana na kikonyo chake: mtaona kifundo kidogo. Ndani yake mna maji. Jioni maji huhama. Upande wa chini hujaa, upande wa juu hulegea, na kijani huinuka. Asubuhi maji hurudi, na kijani hufunguka.

Si giza peke yake lifanyalo kazi hiyo. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, de Mairan, aliweka mmea wa namna ya kifauwongo mahali penye giza. Mchana majani yalifunguka, jioni yalijikunja, ingawa hayakuona jua. Maana yake, mmea una saa yake ndani.

Faida yake ni nini? Mwingereza Darwin aliandika mwaka 1880 kwamba majani aliyoyazuia yasijikunje yaliumizwa zaidi na baridi ya usiku. Lakini kwetu baridi si kali hivyo, na wenye elimu hawajapatana wote juu ya jambo hili.

Basi, utajuaje usingizi na ugonjwa? Nenda shambani asubuhi, jua likiisha kupanda.

Majani yakiwa wazi na mabichi, mmea ni mzima.

Yakijikunja mchana katika jua kali, mmea una kiu. Palilia, kwa sababu magugu hunywa maji yake.

Majani yakiwa madogo na ya manjano, na mmea umedumaa, huo ni ugonjwa uletwao na vidukari, wadudu wadogo wanyonyao majani. Ng'oa mmea huo mapema. Msimu ujao panda mapema, tena kwa kukaribiana, mimea ifunike udongo upesi.

Msilihukumu shamba usiku. Ngojeni asubuhi.