Jina la Biashara Halilindi Programu: Mambo Mawili Ambayo Wabunifu Wanapaswa Kuyatofautisha

Kijana wa Nyamwaga anaweza kukesha mbele ya kompyuta akitunga programu ya kuweka kumbukumbu za kilo za kahawa ambazo wakulima wamepeleka katika chama cha ushirika. Mwenzake wa Mugumu anaweza kutengeneza programu ya kupanga safari za wageni waendao Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kazi za namna hii huanza kama burudani ya jioni, na nakala zake hugawiwa marafiki bila maandishi yoyote. Tatizo hujitokeza siku mteja wa kwanza anapodai risiti, au siku programu hiyo inapokutwa ikiuzwa kwa jina la mtu mwingine.

Wananchi wengi hudhani kuwa cheti cha jina la biashara humaliza yote. Sivyo. Jina la biashara na hakimiliki ni mambo mawili tofauti, yanayosimamiwa na sheria mbili na taasisi mbili.

Jina la biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwa mujibu wa Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, hivyo mkazi wa Tarime au Serengeti halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam. Mwombaji huhitaji namba ya Kitambulisho cha Taifa, anwani ya mahali pa biashara na maelezo ya shughuli anayokusudia kuifanya. Jina linalofanana mno na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa. Ni busara kuandaa majina mawili au matatu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, wala si kwa fedha taslimu mkononi mwa kishoka. Anayesaidiwa katika duka la intaneti ahakikishe kuwa akaunti imefunguliwa kwa namba yake ya simu, na kwamba neno la siri analijua yeye.

Cheti hicho hakimtenganishi mwenye biashara na biashara yake: deni la biashara hubaki kuwa deni lake binafsi. Anayetaka chombo chenye nafsi yake kisheria husajili kampuni. Vilevile, anayetaka kulinda jina au nembo ya bidhaa husajili alama ya biashara, ambayo ulinzi wake wa kwanza ni miaka 7 na huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

Programu yenyewe hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, ambayo huihesabu miongoni mwa kazi za maandishi. Haki huzaliwa pale kazi inapotungwa, hata kabla ya usajili wowote, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi COSOTA, ambayo leo ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, humpa mtunzi ushahidi wa kuonyesha pindi ugomvi unapozuka. Pamoja na usajili huo, mtunzi atunze nakala za kila toleo zenye tarehe.

Sheria hulinda maandishi ya programu, si wazo. Mtu mwingine anaweza kutunga programu yake ya kuhesabu kahawa, mradi asinakili ya mwenzake. Mtunzi aliyetumia vipande vya programu huria naye hutakiwa kufuata masharti ya leseni ya vipande hivyo. Walioshirikiana kutunga waandike mapema nani ana fungu gani. Anayetungia chama au mwajiri asome mkataba kabla ya kusaini, kwa kuwa kuuza nakala si sawa na kukabidhi hakimiliki.

Kwa wakazi wa Sirari, mpaka una maana yake. Jina lililosajiliwa BRELA halimpi mtu usajili nchini Kenya. Hakimiliki, kwa upande wake, hutambuliwa ng'ambo ya mpaka, kwa sababu Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne.

Baada ya kupata jina, mwenye biashara hujisajili kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania apate namba ya utambulisho wa mlipa kodi, kisha huomba leseni ya biashara. Programu ikikusanya taarifa za watu, kama namba za simu za wakulima, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo humhusu. Mwananchi asiye na uhakika wa hatua inayofuata anashauriwa kumwona Afisa Biashara wa Halmashauri yake akiwa na kitambulisho chake, kabla ya kuuza nakala ya kwanza.