Mfupa wa Ishango: chale 168 na wasomaji wake

Huku Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, hatuna michoro ya miambani yenye sifa kama ile ya Kondoa, Tanzania. Tuna mfupa. Urefu wake ni kama sentimita 10, nchani umepachikwa kipande cha kwatsi, na ubavuni umechanjwa chale 168 kwa safu tatu. Jean de Heinzelin, mwanajiolojia Mbelgiji, aliufukua mwaka 1950 pale Ishango, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Watu wa Mavivi waliozoea samaki wa Kyavinyonge, kando ya ziwa hilo hilo, hawahitaji ramani kupajua.

De Heinzelin aliona hesabu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa tupu. Nyingine ina 3 kando ya 6, na 4 kando ya 8, kana kwamba mtu anazidisha kwa mbili. Baadaye Mmarekani Alexander Marshack alizikagua chale kwa hadubini, akasema ni kalenda ya mwezi. Wapo wanaodai zilichanjwa ili mkono usiteleze, basi. Mimi naamini mwenye mfupa alikuwa akihesabu kitu. Hizo namba tasa, lo, nadhani ni sisi tuliozipeleka pale.

Umri nao una visa vyake. De Heinzelin aliukadiria kati ya mwaka 9000 na 6500 kabla ya Kristo. Wanaakiolojia Alison Brooks na John Yellen walipofika Semliki miaka ya 1980, ukapanda hadi kama miaka 20,000. Jirani tu, pale Katanda, walipata chusa za mfupa zenye meno, wakatangaza mwaka 1995 kwamba zina miaka kama 90,000. Wenzao kadhaa walisita, kwa sababu chusa za namna hiyo huko Ulaya ni changa mno kuliko hizo.

Kusita huko ni kwa zamani. Mwaka 1879, katika pango la Altamira, Hispania, msichana María aliinua macho akaona nyati wamechorwa darini. Baba yake, Marcelino Sanz de Sautuola, alipoandika kwamba ni kazi ya watu wa kale, mabingwa walimkataa. Mmoja wao, Émile Cartailhac, alikiri kosa lake kwa maandishi mwaka 1902. Sautuola alikuwa amefariki tangu 1888.

Mlioko Brussels, mfupa uko kwenye makumbusho ya sayansi asilia, karibu na Bunge la Ulaya. Nendeni mkazihesabu chale wenyewe kabla ya kusoma kibao cha maelezo.