Damu inatoka: muite munganga kwanza

Ba mama, wakati fulani mimba inatoka yenyewe, na damu inamwagika sana. Jirani analalamika: «Ametoa mimba!» Polisi wanafika, munganga hajaitwa. Kwa kuogopa kufungwa, mama wengine wanajificha ndani ya nyumba, na damu inawaua kwa saa chache tu.

Mujue: mimba kutoka yenyewe si kosa. Tena kifungu cha 73 cha sheria ya azabu ya Kongo kinakataza munganga kutoboa siri ya mugonjwa, isipokuwa akiitwa kutoa ushuhuda tribinali, ao sheria ikimulazimisha kuisema.

Kitambaa kikilowana katika saa moja, ao kichwa kikizunguka, mumulaze, mumufunike, mumupeleke hospitali hata usiku. Jirani, kazi yako ni kubeba mugonjwa, si kumuhukumu.