Wakilindi walitawala kwa kuoa, morani walikatazwa kuoa

KWA msafiri atokaye Chalinze kuelekea Segera, Mkata ni mahali ambapo barabara ya Handeni huchepuka upande wa kushoto na kuingia ndani ya nchi ya Wazigua. Si ajabu kuwaona huko vijana wa Kiparakuyo wakiswaga ng'ombe, lubega begani na fimbo mkononi. Wengi huwaita Wamasai tu, ingawa watu wa Pwani katika karne ya 19 waliwaita Wakwavi.

Kwa mpita njia wale ni wachungaji. Kwa mila yao, hata hivyo, kila mmoja ana rika lake, na ni rika hilo lililoamua jambo ambalo kwa majirani zao huamuliwa na wazazi na washenga, yaani ni lini kijana ataruhusiwa kuoa.

Msafiri huyo akiendelea mbele, akapita Segera, Korogwe na Mombo, ataiona milima ya Usambara ikisimama upande wake wa kulia. Huko juu, katika mji wa Vugha, ndiko yalikokuwa makao ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa tangu karne ya 18. Ukoo huo ulijenga dola yake kwa njia iliyo kinyume kabisa na ile ya nyikani: uliolea kila mahali.

Ni nadra kuzikuta karibu hivyo falsafa mbili za utawala zinazopingana kiasi hicho. Upande mmoja ulisema kwamba mlinzi wa kuaminika ni mtoto wa mtawala. Upande wa pili ulisema kwamba mlinzi wa kuaminika ni yule asiye na mke, mtoto wala boma la kwake. Ajabu ni kwamba pande zote mbili, ndani ya miongo mitatu hivi, zilikwama mahali pamoja: ugomvi wa ndugu wa damu juu ya kiti cha baba yao.

Habari za Wakilindi zinajulikana vizuri kwa sababu ziliandikwa kwa Kiswahili. Abdallah bin Hemedi Liajjemi, aliyepata kuwa liwali wa Tanga, alizikusanya katika kitabu chake Habari za Wakilindi, kilichochapishwa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, kuanzia miaka ya 1890.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, Mbegha, mwanzilishi wa ukoo, alikuwa mwindaji kutoka nchi ya Nguu, sehemu za Kilindi. Alizaliwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wakatumia kisa hicho kumnyima urithi. Aliondoka na mbwa zake, akapanda milimani, akawagawia wenyeji nyama ya nguruwe mwitu na kuwaondolea wanyama waliokuwa wakiharibu mashamba. Alipomuua simba, jina la Simba Mwene likawa lake na la watawala waliomfuata.

Kwa hiyo dola kubwa kuliko zote za ukanda huo ilianzishwa na mtu aliyefukuzwa katika ukoo wake. Mbegha hakulisahau somo hilo. Alioa wake katika vijiji mbalimbali vya Wasambaa, na watoto wa kiume waliozaliwa wakawa watawala katika nchi za mama zao, wakilelewa na kulindwa na wajomba. Kila kijiji kikawa na mpwa wake katika utawala. Hapakuwa na haja ya jeshi la kukiteka. Kilikuwa kimekwisha kuwa shemeji.

Mfumo huo ulifika kileleni wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa muda mrefu hadi alipofariki dunia mwaka 1862. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848, na Burton na Speke wakafika mwaka 1857. Waliukuta utawala ambao watoto wa mfalme ndio waliokuwa wakuu wa majimbo, kutoka milimani hadi karibu na bahari.

Udhaifu wake ulikuwa humo humo. Nguvu ya mfalme juu ya wakuu wa majimbo ilikuwa ni nguvu ya baba juu ya wanawe, na baba akifa nguvu hiyo hairithiki. Mrithi wa Kimweri alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Wakuu wa majimbo walikuwa baba zake wadogo na wakubwa, na hakuna desturi ya Kisambaa inayomtaka mtu mzima amnyenyekee mtoto wa kaka yake.

Mmoja wao, Semboja, alikuwa mkuu wa Mazinde, chini kwenye nyika, karibu na njia ya misafara. Hapo alipata bunduki kwa pembe za ndovu na watumwa, na mtu mwenye bunduki hakuhitaji tena baraka za Vugha. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimwondoa Shekulwavu na kumweka mwanawe, Kimweri Maguvu, juu ya kiti. Yeye mwenyewe alibaki Mazinde. Wabondei nao wakaasi na kuwafukuza Wakilindi waliowekwa juu yao, katika vuguvugu lililoitwa Kiva. Waliolipa zaidi ni wakulima wa kawaida, ambao watoto wao walitekwa na kuuzwa Pangani na Tanga ili vita vya ndugu viendelee.

Nyikani mambo yalipangwa vingine. Kijana wa Kimasai au wa Kiparakuyo akishatahiriwa aliingia katika rika la morani pamoja na wenzake wa nchi nzima, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kulinda mifugo, kuteka ya wengine na kwenda vitani. Waliishi katika manyata, kambi ambamo mama zao walikwenda kukaa nao huku baba wakibaki na mifugo kwenye maboma.

Masharti yao yanakaribia kabisa yale ya watawa. Morani hakula peke yake wala hakunywa maziwa bila mwenzake, na nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa haikuwa halali kwake. Juu ya yote, hakuoa. Ruhusa ilikuja baada ya eunoto, sherehe ambayo mama alimnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani, na wengi waliangua kilio siku hiyo kwa kuwa ujana ulikuwa umekwisha. Mtu aliweza kufika umri wa miaka 30 bila mke.

Ifahamike kwamba marufuku hiyo ilikuwa ya ndoa, si ya mapenzi. Morani alikuwa na wapenzi miongoni mwa wasichana ambao hawajatahiriwa, na jamii ilijua. Kilichozuiwa ni mke, mtoto halali na zizi la ng'ombe, yaani vile vitu vitatu ambavyo humfanya mwanamume kuwa na cha kurithisha.

Hata uongozi ulielekezwa mbali na urithi. Msemaji wa rika, anayeitwa laigwanani, alichaguliwa kwa ufasaha na busara. Cheo cha ibada kilichotolewa wakati wa eunoto kiliaminika kuleta nuksi, na inaelezwa kuwa vijana walikikwepa hata ikabidi mteule akamatwe ghafla. Ni vyeo vichache duniani vinavyokimbiwa hivyo.

Wazo la kumnyima mpiganaji ndoa halikuwa la Wamasai peke yao. Shaka wa Wazulu aliviweka vikosi vyake bila wake mpaka atoe ruhusa mwenyewe. Masultani wa Uturuki waliwakataza askari wao wa Janisari kuoa. Sharti hilo lilipolegea katika karne ya 16, haikupita miaka mingi kabla watoto wa askari hao hawajaanza kuandikishwa, na jeshi likageuka mali ya familia. Mwaka 1826 sultani alilivunja kwa mizinga.

Huko Prussia, Albert wa Brandenburg, mkuu wa shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, aliacha utawa mwaka 1525, akaigeuza nchi ya shirika kuwa milki yake ya kurithisha, na mwaka uliofuata akaoa. Watunzi wa filamu nao wameliona jambo hili. Katika filamu za Star Wars, ile ya mwaka 2002 ikiwamo, wapiganaji wa Jedi wanakatazwa kuoa; mmoja anaoa kwa siri, utaratibu wote unaporomoka, na kisa kinachobaki ni cha ukoo mmoja tu, wa Skywalker.

Turudi nyikani, maana hapo ndipo penye swali lenyewe. Ikiwa morani hawakuoa, wasichana waliolewa na nani?

Jibu ni wazee. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Paul Spencer, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu Wasamburu wa Kenya, ndugu wa Wamasai kwa lugha na mila, alionyesha kuwa kuwachelewesha vijana ndiko kulikowawezesha wazee kuwa na wake wengi. Hesabu yake ni nyepesi. Palipo na wanaume wa miaka 20 hadi 30 waliozuiwa kuoa, na wasichana wanaoozwa mara tu baada ya kuvunja ungo, mzee wa miaka 50 hakosi mke wa tatu. Marufuku ya morani ilikuwa kodi iliyolipwa na vijana wa kiume kwa miaka yao, na na vijana wa kike kwa maisha yao yote.

Aidha, marufuku hiyo haikuufukuza ukoo madarakani. Uliingia kwa mlango mwingine. Morani hakwenda vitani bila baraka na dawa za laiboni, na ulaiboni mkubwa ulikuwa wa kurithi. Uliwekwa mikononi mwa Inkidongi, uzao wa mtu ambaye kwa masimulizi aliokotwa akiwa mtoto katika vilima vya Ngong. Jeshi lisilo na wana lilipokea maelekezo kutoka kwa nyumba yenye wake wengi na wana wengi, na sehemu ya ng'ombe waliotekwa ilikwenda kwa nyumba hiyo.

Laiboni mashuhuri kuliko wote, Mbatian, ambaye jina lake limepewa kilele kirefu cha Mlima Kenya, alifariki dunia karibu mwaka 1890. Ni wakati uleule ambapo sotoka ilikuwa ikiwamaliza ng'ombe na ndui ikiwamaliza watu. Wanawe wawili, Sendeu na Olonana, ambaye Waingereza walimwandika Lenana, wakagombea nafasi yake. Masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 yanadai kuwa Olonana alikwenda alfajiri kwa baba yake, aliyekuwa amefifia macho, akachukua alama za ulaiboni zilizokusudiwa kaka yake. Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yakobo.

Morani wasiokuwa na cha kurithi wakauana kwa ajili ya urithi wa watu wengine. Olonana alijiegemeza kwa Waingereza na Sendeu akabaki upande wa Wajerumani hadi walipopatana mwaka 1902. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 ikawaondolea Wamasai wa Kenya malisho yao bora. Milimani nako Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1898.

Waingereza walimrudisha Mkilindi Vugha katika miaka ya 1920 ili watawale kupitia kwake. Baada ya uhuru, mwaka 1963, Tanganyika iliufuta utemi na vyeo vyake vyote, na Wakilindi wakawa raia kama wengine. Umorani haukufutwa kwa sheria, ingawa vita vyake vilikwisha. Shule na ajira za ulinzi mijini vimefupisha miaka yake, na kijana mwenye mshahara hahitaji kungoja ng'ombe wa baba ili apose.

Upande wa wasichana umeishia mahakamani. Julai 2016, katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali. Kesi hiyo haikuwahusu wafugaji peke yao, lakini kwao inagusa hesabu nzima ya rika: msichana akingoja mpaka miaka 18, na kijana asingoje tena mpaka 30, mzee hana tena pa kuposa.

Handeni yenyewe imepata wageni wapya. Tangu Juni 2022 familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, katika wilaya hiyo, katika mpango ambao Serikali inasema ni wa hiari na ambao watetezi wa haki za wafugaji wanaupinga. Nyumba zilijengwa na mashamba yakapimwa, vyote kwa hesabu ya kaya. Kwa mila ya rika, morani hakuwa na kaya. Alikuwa na manyata, na nyumba ya mama yake.