Alama chache tu, na habari za Isiolo zitaandikwa na wenyewe

Mtu akitaka kuijua Isiolo leo, hufungua simu akatafuta. Ukurasa wa Wikipedia huwa miongoni mwa ya kwanza kujitokeza, na yaliyomo ndiyo atakayoyashika. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na kila mtu anaruhusiwa kuihariri. Hata hivyo wengi wakibonyeza pa kuhariri hukutana na mabano, nyota na alama za sawasawa, wakaogopa kuharibu, wakafunga.

Alama hizo si lugha ya wataalamu. Neno "wiki" limetoka Hawaii na maana yake ni haraka. Ward Cunningham, aliyeanzisha tovuti ya kwanza ya aina hii mwaka 1995, alikusudia mtu wa kawaida aweze kuandika bila shida.

Tuanze na kichwa kidogo. Weka alama mbili za sawasawa kila upande: == Historia ==. Ukitaka kichwa kilicho chini ya hicho, weka tatu tatu.

Herufi za mlazo huzungukwa na ritifaa mbili kila upande, na herufi nzito ritifaa tatu: '''Isiolo''' ni mji wa Kenya. Ritifaa moja haibadilishi kitu, kwa hiyo andika Ewaso Ng'iro na ng'ombe bila wasiwasi. Angalia tu simu yako: nyingine hugeuza ritifaa iliyonyooka ikawa ya kupinda, na hiyo ya kupinda mfumo hauitambui.

Kiungo cha ukurasa mwingine ni mabano ya mraba mawili mawili: [[Lamu]]. Kama jina la ukurasa ni refu, tenga kwa mstari wa wima: [[Kaunti ya Isiolo|Isiolo]]. Msomaji ataona neno la mwisho peke yake. Kiungo kikitokea chekundu, ukurasa huo bado haujaandikwa. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Orodha huanza na nyota mwanzoni mwa mstari, na orodha ya nambari huanza na alama ya reli. Kwa mfano:

* Merti
* Garbatulla

Aya mpya huhitaji mstari mmoja mtupu katikati. Wala usiache nafasi mwanzoni mwa mstari, kwani maneno yako yatafungiwa ndani ya kisanduku.

Alama iliyo muhimu kuliko zote ni ya chanzo. Ukiandika kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika Kaunti ya Isiolo, fuatisha hapo hapo: <ref>jina la ripoti, mchapishaji, mwaka, ukurasa</ref>. Mwisho wa makala weka <references/>, na vyanzo vyote vitajipanga vyenyewe. Sentensi isiyo na chanzo yaweza kufutwa na mhariri yeyote, na huna la kumjibu.

Hapa ndipo penye uzito. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Habari za ardhi, malisho na nani alitangulia kufika zina ubishi. Ukiandika aliyosema mzee wa kwenu bila chapisho lolote, wa upande wa pili atafuta, nawe utarudisha, na mwishowe ukurasa utafungwa. Palipo na ubishi, nenda ukurasa wa majadiliano, eleza hoja yako, kisha tia alama nne za wimbi, ~~~~, ili jina lako na saa vijiandike.

Nasi wa Pwani tunahusika. Mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwaka 2012 unaiunganisha bandari yetu na Isiolo. Aliye Lamu na aliye Isiolo wanahitaji kusomana kwa Kiswahili, bila kungoja mgeni awaeleze.

Kabla ya kuhifadhi, tazama kwanza ukurasa utakavyoonekana, kisha andika kwa ufupi ulichobadilisha. Ukikosea, usihofu: kila toleo la zamani hubaki kwenye historia ya ukurasa na laweza kurudishwa. Anza na kosa moja la tahajia au kiungo kimoja. Haba na haba hujaza kibaba.